Mwalimu Ruqaiya Sebit, Miaka Thelathini na Sita ya Kuwaleta Wasanii Darasani

Ijumaa hii, tarehe 18 Julai 2025, Mwalimu Ruqaiya Sebit anatimiza miaka sitini na kustaafu. Ameitumikia elimu ya msingi ya Arua na Koboko kwa miaka thelathini na sita na miezi mitano: kumi na mitano akiwa mwalimu wa darasa, na iliyobaki akiwa mratibu wa walimu, kazi ya kuzunguka shule hadi shule kuwasaidia wenzake kufundisha vizuri zaidi. Katika muda wote huo ameomba ruhusa ya ugonjwa mara mbili tu, na mara moja kati ya hizo kosa lilikuwa la pikipiki.

Wengi wenu mnamfahamu kwa jambo moja: yeye ndiye aliyeanza kuwaleta wasanii katika madarasa yetu. Sisemi wasanii wa sherehe, wale wanaokuja siku ya wageni, wakacheza nusu saa, wakala na kuondoka. Nasema watu wanaoishi kwa sanaa yao, wachoraji, wafinyanzi, wasusi, wapiga zeze la adungu, wanaoingia darasani mara sita kwa muhula, bega kwa bega na mwalimu wa darasa, kufundisha somo lililomo kwenye mtaala. Leo shule ishirini na tatu, kuanzia Ayivu hadi Kuluba, zinafanya hivyo. Kazi hiyo haikuja kirahisi, na kuna wakati ilikufa kabisa. Nimeombwa niandike wasifu huu kwa sababu nilikuwapo ilipokufa, na mkono wangu ulihusika.

Mwalimu Ruqaiya alizaliwa mjini Arua, binti wa fundi cherehani. Alipokuwa na miaka kumi na minne, vita viliifanya familia yake ivuke mpaka kwenda Kongo, akakulia huko kwa miaka saba na kusoma kwa Kifaransa. Walimu wenzake wa zamani wanasema kwamba akikasirika darasani huanza kuhesabu polepole kwa Kifaransa, na kwamba hakuna mtoto aliyewahi kusubiri aone kitakachotokea akifika kumi. Waliporudi nyumbani aliingia chuo cha walimu, na Februari 1989 akakabidhiwa darasa lake la kwanza.

Msanii wa kwanza kuingia katika darasa lake hakualikwa. Mwaka 1993 alikuwa akifundisha darasa la nne, watoto mia moja na saba katika chumba kimoja, somo la sehemu: nusu, robo, thumuni. Shangazi yake, Bi Shakira, alipita kumletea ufunguo wa nyumba. Bi Shakira alikuwa msusi wa tabaga, vile vifuniko vya chakula vya mviringo vyenye rangi kali ambavyo akina mama wa Kinubi husuka, na aliishi kwa kazi hiyo tangu ujana wake. Alikaa nyuma akisubiri kengele. Baada ya muda akashindwa kuvumilia.

“Ruqaiya,” alisema mbele ya watoto wote, “wewe nafundisha robo, lakini robo iko wapi? Mimi sioni. Hawa watoto pia hapana ona.”

Mwalimu alitamani ardhi immeze. Lakini shangazi alikuwa ameshatoa kwenye mfuko wake tabaga iliyosukwa nusu, akawaonyesha jinsi anavyoligawa duara mara mbili, kisha nne, kisha nane, kabla ya kuingiza uzi wa kwanza wa rangi. Akakosea hesabu mahali fulani kwa sababu ya kuongea, akafumua safu tatu nzima, akaanza upya. Mwalimu Ruqaiya amenisimulia mara nyingi kwamba kilichowagusa watoto kilikuwa kule kufumua, zaidi ya ule ususi. Hawakuwahi kumwona mtu mzima akikosea, akakubali, akarudia bila kuchapwa na mtu.

Bi Shakira alirudi wiki iliyofuata, na iliyofuata, hadi mwisho wa muhula.

Mwaka 2004 Mwalimu Ruqaiya alipoteuliwa kuwa mratibu wa walimu, alipewa pikipiki nyekundu na shule kumi na nne. Aliifahamu kila njia, na kila njia ilimfahamu. Alikuwa na masharti yake kuhusu wasanii, na hakuyalegeza kwa mtu. Msanii awe anaishi kwa kazi yake. Mwalimu wa darasa asitoke nje kwenda kunywa chai, akae, afanye kazi ileile wanayofanya watoto. Na mwisho wa muhula kila mtoto aweze kuonyesha kwa kidole alichokifanya yeye mwenyewe. Sharti hilo la tatu ndilo lililotuletea matatizo ya mwaka 2016.

Wakati huo mimi nilikuwa mwalimu wa hesabu katika shule moja ya Kuluba, ambayo sitaitaja kwa sababu mimi na mwalimu mkuu wetu wa wakati huo, Bwana Tahiru, tulishapatana. Shule ilikuwa na ukuta mrefu wa darasa la nne unaotazama barabara. Mwalimu Ruqaiya alimtafuta mchoraji, akampata Gaspard, Mkongomani aliyekuwa akichora mabango ya maduka Koboko na Arua. Hakuna aliyempita kwa herufi. Kinyozi, duka la dawa, fundi simu, wote walimtaka Gaspard. Walikubaliana kwamba kwa siku tisa atawaongoza watoto wa darasa la nne kuchora soko la Koboko ukutani, na watoto waandike chini ya kila kitu jina lake kwa Kikakwa na kwa Kiingereza. Katika darasa hilo la watoto sabini na mmoja, ishirini na wanne walikuwa hawawezi kusoma aya moja. Ukuta ulikuwa kwa ajili yao.

Siku hizo tisa Mwalimu Ruqaiya alikuwa Ayivu kwenye mafunzo. Siku ya kwanza Gaspard aliwapa watoto brashi. Siku ya pili aliona mistari inapinda, rangi zinachanganyika, akawaomba wakae chini watazame. Walikaa. Mwalimu wao alifurahi kuona darasa limetulia. Mimi nilipita pale kila siku, nami nilifurahi, kwa sababu ukuta ulikuwa unageuka kitu ambacho sijawahi kukiona katika shule ya kijijini. Akina mama na mihogo yao, bodaboda wamesimama, milima kwa nyuma ikiwa na ukungu. Ungedhani unasikia kelele za soko. Bwana Tahiru aliita wageni waje kuuzindua Alhamisi ya wiki iliyofuata.

Ijumaa jioni Gaspard alimaliza, akaweka sahihi yake pembeni, akaondoka kwenda Ariwara kuiona familia yake. Jumamosi asubuhi Mwalimu Ruqaiya alifika kwa pikipiki, akanikuta pale shuleni. Watoto kadhaa wa darasa la nne walikuwa wamekuja kuchota maji kwenye bomba la shule. Aliutazama ukuta kwa muda mrefu.

“Mzuri,” alisema. Kisha akawageukia watoto. “Haya, nionyesheni. Nani alichora nini?”

Walitazamana. Mwishowe msichana mmoja aliyeitwa Night, mwenye miaka kumi, alinyoosha mkono.

“Mimi niliosha brashi, Madam.”

Sijui kama mtu mwingine angelisikia jibu lile kama alivyolisikia yeye. Alikaa kwenye ngazi, mikono magotini. Kisha akaniuliza stoo ya shule ina chokaa kiasi gani. Nilidhani anatania. Nilimkumbusha wageni, nikamkumbusha Bwana Tahiru, ambaye siku hiyo alikuwa msibani.

“Obitre,” aliniambia, “hawa watoto wamekaa siku tisa wakijifunza kwamba kitu kizuri hufanywa na mtu mwingine. Tukiacha ukuta huu, watasoma hilo kila asubuhi. Shika brashi.”

Nikaishika. Naandika hili kwa sababu siwezi kulificha: tulipaka chokaa mara tatu, mimi na yeye, na hadi adhuhuri soko la Koboko halikuwapo tena.

Jumatatu saa mbili asubuhi Gaspard alirudi. Hakuja peke yake. Alikuwa na mkewe, Jolie, amevaa kitenge kipya na viatu vya kwenda kanisani. Alikuwa amemleta aone kazi yake. Walisimama mbele ya ule weupe, na mimi nilikuwa hatua kumi tu kutoka pale, nikitamani niwe Arua.

“Madame, nani alifanya hii?” Gaspard aliuliza.

“Ni mimi,” alijibu Mwalimu Ruqaiya. Akaanza kumweleza habari za watoto, na sharti, na makubaliano yao. Yote yalikuwa kweli. Gaspard alimsikiliza hadi mwisho.

“Mutu hawezi kufuta kazi ya mutu mwenzake bila kumuambia,” alisema. “Hata kama iko mubaya. Na ile haikukuwa mubaya.” Kisha akamshika mkewe mkono, wakaondoka kwa miguu kuelekea barabarani.

Alhamisi wageni walikuja. Kuna waliodhani ukuta haujaanza kuchorwa bado, wakaupongeza weupe wake. Bwana Tahiru hakucheka. Aliandika barua kali kwa ofisi ya elimu, kamati ya wazazi ikatia saini, na kabla ya Pasaka mpango wa wasanii ulisimamishwa katika shule zote kumi na nne. Siwezi kudai kwamba walimu wote walihuzunika. Baadhi yetu tulikuwa tumechoka kukaa sakafuni na watoto tukifinyanga udongo.

Kwa miezi sita Mwalimu Ruqaiya alizunguka na pikipiki yake akikagua maandalio ya masomo. Alikuwa mpole kupita kawaida. Hakuhesabu kwa Kifaransa. Mara moja tulipokuwa tunakunywa chai niliona nimfariji, nikamwambia kwamba alikuwa na haki, makubaliano yalivunjwa na Gaspard.

“Kuhusu watoto nilikuwa na haki,” alisema. “Kuhusu mtu yule nilikosea. Nilitaka watoto waheshimiwe, na mimi nikamfanyia mtu mzima kile nilichokataa wafanyiwe watoto. Nilimwondolea kazi mikononi.”

Mwishoni mwa Septemba, siku ya soko, alivuka mpaka kwenda Ariwara. Hakuwa na anwani ya Gaspard. Alifuata mabango. Kila alipoona herufi zile aliuliza bango lilichorwa lini, na akiambiwa juzi aliendelea mbele, hadi akamkuta juu ya ngazi akichora bango la saluni. Gaspard alimwona, akamsalimia, akaendelea na kazi. Mwalimu alisimama juani hadi herufi ya mwisho ilipokauka. Haya nimeyasikia kwao wote wawili, kwa nyakati tofauti, na yanalingana.

Gaspard alipoteremka, Mwalimu alimwomba radhi. Hakuweka “lakini” katikati.

Gaspard alifuta mikono yake kwa muda. “Unajua mimi nilijifunza namna gani?” alimwambia. “Kwa mzee mmoja wa Bunia. Miaka mbili nilikuwa naosha brashi zake. Miaka mbili, Madame! Siku moja akagonjwa, nikachora peke yangu. Mimi nilizania ni vile watu wanafundishaka. Ile mutoto kuosha brashi, mimi niliona ameanza vizuri.”

Mwalimu Ruqaiya alicheka, naye akacheka, na mwishowe walikaa kwenye benchi la saluni hadi watu wa soko walipoanza kufunga mizigo. Gaspard alikubali kurudi kwa sharti moja: aombwe radhi palepale alipofedheheshwa, na Jolie awepo.

Ndivyo ilivyokuwa. Jumatatu ya kwanza ya Oktoba, mbele ya watoto zaidi ya mia saba waliojipanga mistari, Mwalimu Ruqaiya alisema kwa sauti kwamba aliifuta kazi ya fundi bila kumwuliza, kwamba lilikuwa kosa, na kwamba anamwomba yeye na mkewe wamsamehe. Nilimtazama Bwana Tahiru. Katika shule zetu, mwalimu hamwombi radhi hata mwalimu mwenzake mbele ya wanafunzi, sembuse mchora mabango. Jolie alifuta macho kwa ncha ya kitenge. Baada ya gwaride Bwana Tahiru alimwita Mwalimu pembeni, akamwambia, “Ukuta mmoja, darasa moja, muhula mmoja. Kisha tutaona.”

Kazi iliyochukua siku tisa ilichukua wiki tano. Gaspard alijinyima brashi kabisa, akabaki na kipande cha chaki. Kila mara mkono wake ulipotaka kwenda ukutani, aliurudisha mfukoni, na watoto wakaanza kumtania: “Mfukoni, Bwana Gaspard!” Mihogo ilitokea mikubwa kuliko wauzaji. Ng’ombe mmoja alipata miguu mitano. Mkaguzi alipokuja akauliza kwa nini, aliambiwa na mtoto aliyemchora, bila aibu, kwamba ng’ombe alikuwa anatembea wakati anachorwa. Chini ya kila kitu watoto waliandika jina, na kwa sababu rangi haifutiki kama penseli, waligombana kuhusu herufi moja hadi wakakubaliana, wakaliandika kwanza kwenye vumbi, ndipo wakapanda ngazi.

Yule msichana Night alikuwa na tabia ya kutofika shule siku za soko. Alimsaidia mama yake kuuza unga wa muhogo, na kwa hiyo alikosa siku mbili kila wiki tangu darasa la kwanza. Alikuwa mmoja wa wale ishirini na wanne. Wiki ya pili ya ukuta, mama yake alifika shuleni amekasirika.

“Mnampa nini huyu mtoto huku?” alituuliza. “Leo iko soko, yeye nakataa kwenda. Nasema ati kama yeye hapana kuja, watu taandika jina ya unga vibaya.”

Mwalimu Ruqaiya hakumpa hotuba. Alimwonyesha pale ukutani ambapo Night alikuwa amechora meza yao ya unga, akamwuliza kama imekaa sawa. Mama aliitazama kwa makini, akasema gunia haliwekwi upande ule, upande ule kuna jua. Wakamwita Night, wakamweleza. Mama akabaki hadi saa sita akisimamia gunia lihamishwe. Tangu siku hiyo alitafuta jirani wa kumsaidia sokoni, na binti yake akasoma siku tano kama wenzake.

Mwisho wa mwaka tuliwapima wale ishirini na wanne. Kumi na watano waliweza kusoma aya nzima. Tisa walikuwa bado, na Mwalimu Ruqaiya alituambia tusiwafiche hao tisa tunapoandika ripoti. Tuliandika hivyohivyo. Kamati ya wazazi ilisoma, ikafuta barua yake, na Januari iliyofuata shule saba mpya ziliomba kujiunga. Gaspard ameshafanya kazi na madarasa zaidi ya arobaini tangu hapo, na Mwalimu Ruqaiya hamwanzishi msanii mpya kabla hajakaa wiki moja na Gaspard kujifunza kuweka mkono mfukoni.

Mengine mnayajua. Shule zilipofunguliwa Januari 2022 baada ya karibu miaka miwili ya corona, na madarasa ya kwanza yakajaa watoto ambao hawajawahi kushika kalamu, ni yeye aliyewatafuta wapiga adungu wawafundishe silabi kwa wimbo. Yeye mwenyewe hawezi kuimba, jambo ambalo watoto wa Ayivu walimweleza waziwazi, naye akalipokea kwa utulivu. Ameandika mwongozo mfupi ambao sasa unatumiwa na walimu wanafunzi, na ukurasa wake wa kwanza unaeleza habari za ukuta wa chokaa, pamoja na jina la aliyekosea.

Nimalizie na jambo la juzi. Jumatano iliyopita alifanya ziara yake ya mwisho ya kikazi, darasa la pili katika shule moja ya Ayivu. Mfinyanzi, Bi Régine, alikuwa akifundisha vipimo vya ujazo kwa vyungu vidogo, pamoja na Mwalimu Nasiri, kijana aliyeajiriwa mwaka jana. Mwalimu Ruqaiya alikaa nyuma. Karibu naye chungu cha msichana mmoja kiliporomoka mikononi mwake. Mtoto akamtazama Mwalimu, midomo ikitetemeka. Mwalimu akainuka nusu. Kabla hajafika, mtoto alishusha macho, akaukusanya udongo, akaupiga mezani mara mbili na kuanza tena. Mwalimu Ruqaiya alikaa kidogo, akachukua mkoba wake, akatoka taratibu.

Kesho yake nilikutana na Mwalimu Nasiri. Alikuwa na wasiwasi. Aliniambia hakumwona mgeni wake akitoka. Yeye, Bi Régine na watoto walikuwa wamezama katika kazi, akaja kugundua kengele ilipolia kwamba kiti ni kitupu. Aliogopa kwamba amemvunjia heshima mama huyu katika siku yake ya mwisho. Nikampigia simu Mwalimu nimfikishie samahani hiyo.

“Hata mmoja hakuniona?” aliuliza.

“Hata mmoja, Mwalimu.”

Nilisikia anavuta pumzi. “Alhamdulillahi,” akasema. “Basi naweza kwenda nyumbani.”

Mwalimu Ruqaiya, kwa niaba ya walimu, wasanii, wazazi na watoto wa shule ishirini na tatu, tunakushukuru. Nenda nyumbani Awindiri ukapumzike, ulale mchana ukipenda, na Mwenyezi Mungu akupe afya na miaka mingi ya furaha katikati ya watu wako. Sisi tuko darasani.